Hakuna Mtoto wa Baki

Binti yangu wa mwisho alikuwa mwalimu wa hesabu. Nasema "alikuwa", na yeye mwenyewe yuko hapa kibarazani anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Akinisikia nasema hivyo ataniuliza nani kafa. Hajafa mtu. Subirini niwaeleze, maana mimi nikianza kuongea hata redio inazimwa.

Mimi shule niliishia la pili. Si kwamba sikuwa na akili, akili nilikuwa nazo, na nyingine mpaka leo nimezitunza sijazitumia. Ni kwamba mama yangu alijifungua, na mgongo uliokuwa karibu ulikuwa wangu. Nikambeba mdogo wangu, shule ikaenda zake. Sasa fikirieni mimi huyo huyo nizae mwalimu, tena wa hesabu, lile somo ambalo watoto wakilisikia wanaumwa tumbo! Siku alipopangiwa kazi shule moja ya huku kwetu upande wa Kasense, nilipika kuku ambaye sikuwa na mpango naye kabisa.

Jumamosi watoto walikuwa wanakuja hapa nyumbani. Alikuwa na ubao mdogo, anauegemeza kwenye ukuta wa jiko kwa nje, watoto wanakaa kwenye mkeka. Mimi niko ndani na moshi wangu, mlango wazi, nasikia kila kitu. Nikajikuta nasoma uzeeni bila kulipa ada.

Aliniambia siku moja tukiwa tunamenya viazi, "Mama, watoto wanafundishwa hesabu kama watu waliokutana stendi. Leo sehemu, kesho asilimia, keshokutwa eneo. Hakuna anayemjua mwenzake, gari likija kila mtu anapanda lake. Kumbe hao wote ni ndugu."

"Ndugu wa damu au wa kuitana tu?"

"Wa damu kabisa, mama. Ukimjua bibi yao umewajua wote."

Basi akawa anafundisha hivyo, kama mtu anayekutambulisha ukoo siku ya posa. Kujumlisha ndiye bibi. Kuzidisha ni binti yake, ni kujumlisha kwa mtu mwenye haraka: badala ya kusema tano na tano na tano na tano, unasema tano mara nne, umemaliza. Kutoa ni kujumlisha anaporudi nyumbani, njia ile ile aliyoendea. Kugawanya ni kuzidisha naye anarudi nyumbani. Sehemu ni kugawanya ambaye hajamaliza safari. Asilimia, mwenzangu, asilimia nilicheka sana, alisema ni sehemu iliyovaa sare! Huku nje kuna nusu, kuna robo, kila mmoja na nguo yake huwezi kuwalinganisha, ukiwavalisha sare ya mia moja unaona mara moja nani mrefu.

Mtoto mmoja mtundu akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwenye ukoo huo mchawi ni nani?"

Mkeka wote ukacheka. Nanyi mnajua sisi wa Sumbawanga tunavyotaniwa na nchi nzima, hata ukipanda basi la mbali watu wanakuuliza kama umeacha ungo wako nyumbani. Mwanangu hakukasirika. Akafikiri kidogo.

"Mchawi ni sifuri," akasema. "Ukijumlisha naye hakufanyi kitu, mpole, mnasalimiana. Thubutu kuzidisha naye! Uwe elfu, uwe milioni, anakula wote, habakizi hata mfupa."

Mimi jikoni nilicheka mpaka nikaunguza mboga. Mpaka leo sifuri nikimwona kwenye bango namwangalia kwa jicho lingine.

Kuna wakati aliwapeleka shambani kwangu. Sisi huku tunalima intumba, vile vichuguu vya mviringo, unafukia majani ndani yanaozea humo, juu unapanda maharage, mwaka unaofuata unavisambaza unapanda ulezi. Shamba likiwa jipya vichuguu vinajipanga kama watu wamekaa kanisani. Akamsimamisha kila mtoto kwenye kichuguu chake. Akasema simameni upande huu mhesabu mistari. Haya, njooni upande huu mhesabu tena. Wakaona upande mmoja ni mistari minne ya watu sita, upande mwingine ni mistari sita ya watu wanne, na watu ni wale wale.

"Nyumba moja, milango miwili," akawaambia. "Hilo ndilo eneo. Ni kuzidisha amelala chini."

"Amelala juu ya maharage yangu!" nikapiga kelele. "Mwalimu, kuzidisha kwako kunanivunjia mashina!"

Watoto wakaruka kama panzi.

Lakini neno ambalo hakulipenda lilikuwa baki. Mnalikumbuka? Kumi na moja gawanya kwa nne, mbili, baki tatu. Watoto walikuwa wanaitikia kwa furaha, "Baki tatuuu!" halafu wanafunga daftari. Yeye anawauliza, "Hao watatu mmewaacha wapi? Nje na mvua hii?" Wanafungua daftari tena. "Darasani kwangu hakuna mtoto wa baki. Baki hatupwi. Baki anakatwa mpaka kila mtu apate."

Siku moja alikuwepo msichana mgeni, Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Mrefu, mweusi wa kung'aa, hana maneno. Mwanangu akaingia jikoni bila hodi, akachukua maandazi yangu matatu na kisu. Akawaita watoto wanne mbele, na yule mgeni akiwa wa mwisho.

"Maandazi matatu, watu wanne. Gawanya."

Yule msichana akayaangalia. "Haiwezekani, mwalimu. Mmoja hapati."

"Nani hapati?"

"Mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Si mimi ndiye mgeni."

Jamani. Aliisema bila hata kuhuzunika, kama mtu anayekwambia leo Jumanne. Mwanangu akampa kisu. Akasubiri. Yule mtoto akakaa, akakaa, halafu akakata andazi la kwanza vipande vinne, akagawa. La pili vinne, akagawa. La tatu vivyo hivyo. Kila mtu vipande vitatu mkononi.

"Umepata nini?" mwanangu akamwuliza.

"Robo. Na robo. Na robo."

"Basi hiyo ndiyo robo tatu. Ni maandazi matatu yanayoliwa na watu wanne. Usisahau."

Tangu siku hiyo yule msichana akawa wa hapa. Akawa ananichokoza mimi mwenyewe. Namwambia, "Nyie Wasukuma mnaongea na ng'ombe kuliko na watu." Anajibu, "Ng'ombe hawana umbea, bibi." Nikamwita mke mwenzangu, tukaelewana.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Mwanangu alikuwa anaumwa kichwa, anasema ni chaki, ni vumbi, ni huu upepo wetu wa Ufipa unaokata masikio. Asubuhi moja nikaona watoto wanakuja mbio na sare zao wakati wa masomo. Yule mke mwenzangu yuko mbele, hana kiatu kimoja. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, akasema, chaki ikadondoka, akainama kuiokota, hakuinuka.

Hospitalini mjini walisema presha, damu imevujia kichwani. Mkono wa kulia ukawa si wake. Mdomo ukaenda upande. Nilikaa naye pale, naomba rozari mpaka shanga zinateleza. Alipoanza kuongea alianza na Kifipa, Kiswahili hakuna kabisa, mwalimu mzima! Manesi wengine si wa huku, ikabidi mimi wa la pili niwe mkalimani. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilisema lugha ya nyumbani imerudi, na ya shuleni inakuja nyuma yake na mizigo. Na kweli Kiswahili kikaja, pole pole. Uso ukanyooka. Akaanza kutembea.

Tukarudi nyumbani. Mwalimu mkuu akapita kumjulia hali, mtu mwema, akanivuta pembeni. Akasema, mama, shule zikifunguliwa nahitaji mwalimu wa la sita. Nitakuja kumwona kabla. Akiwa sawa darasa ni lake, hata akiandika kwa mkono wa kushoto. Asipokuwa sawa ofisi italeta mwingine, siwezi kuwaacha watoto.

Mwanangu alikuwa amesikia. Akaniita. "Mama, nataka darasa langu." Hakuomba kingine chochote. Hata kupona hakuomba, alitaka darasa.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Nikamwuliza saba mara nane, nikidhani nitamtesa. Akajibu hapo hapo, "Hamsini na sita." Tisa mara sita? "Hamsini na nne." Nikainuka nikacheza. Jedwali lote lilikuwepo, kuanzia la mbili mpaka la kumi na mbili, linatiririka kama Salamu Maria. Nikamwambia jirani yangu, zimerudi! Hesabu zimerudi!

Halafu mchana mmoja nikiwa jikoni nikamwuliza saa ngapi, maana saa iko ukutani sebuleni. Akaiangalia.

"Saa mbili, mama."

Nikasema ahsante. Nikaendelea kukoroga. Halafu nikatazama nje, jua liko juu ya bati, na watoto wa shule wanapita barabarani wanarudi kwao. Nikaenda kuangalia ile saa. Mkono mfupi uko kwenye mbili, ni kweli. Amesoma kilichoandikwa.

Sijui kama mmewahi kufikiria jambo hili, mimi sikuwahi. Sisi sote saa tunaisoma kwa kuruka. Jicho linaona mbili, mdomo unasema nane. Hakuna aliyetukalisha, mtoto anajua, mlevi anajua. Mwanangu ndiye alikuwa anawaambia wanafunzi, "Mnaona mnavyojua hesabu? Kila mkiangalia saa mnajumlisha sita wala hamjui." Leo yeye anaona mbili, na mbili imekaa peke yake haina njia ya kwenda kwa nane.

Nikakaa naye chini. Nikamwaga maharage. "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Haya, nina maharage hamsini na sita, nagawia watu saba. Kila mmoja anapata mangapi?"

Akaniangalia. Akayaangalia maharage. Akayapanga vizuri kwa ule mkono wa kushoto, moja moja, mstari mrefu kuelekea mlangoni, akayahesabu yote, akafika hamsini na sita, akasimama pale. Hakukosea hata moja. Ila hakujua aende wapi.

"Mama," akaniambia, "nawaona wote. Ila hawajuani."

Nilimfundisha. Nilimfundisha kwa maneno yake mwenyewe niliyoyasikia kupitia mlango wa jiko. Nikamwambia bibi ni kujumlisha. Nikamwambia kugawanya ni kuzidisha anarudi nyumbani. Nikampeleka shambani nikamsimamisha kwenye intumba, nikamwambia nyumba moja milango miwili, unakumbuka? Anacheka, anasema, "Umesema vizuri mama, nani alikufundisha?" Nageuka nyuma kama natafuta jembe.

Siku ya mwalimu mkuu kuja nilipika kama sikukuu. Nilikuwa na migebuka, wale samaki wa ziwani kule Kipili, nikaunga nazi ya kununua, nikakaanga maandazi. Mwanangu akavaa blauzi yake nyeupe, akainyoosha mwenyewe kwa pasi ya mkaa, mkono mmoja, hakutaka nimguse. Mwalimu mkuu alikuja na watoto wa darasa la mwanangu, wachache, na mke mwenzangu kati yao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, ng'ombe hawajambo?"

"Wanakusalimia."

Mwalimu mkuu akakaa, akanywa chai, akaanza kama utani. "Haya mwalimu, saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Kumi na mbili mara tisa?"

"Mia moja na nane."

Akamwuliza huku na huku, juu na chini, anajibu kabla swali halijaisha. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akapiga paja. "Mama, huyu mzima! Mwalimu amerudi!" Na mimi, ninayejua ninachokijua, nikapiga vigelegele. Unajua kigelegele hakiombi ruhusa. Nikasema labda Mungu ameamua leo leo.

Tungeishia pale. Lakini mwanangu alikuwa na furaha, na mwalimu akiwa na furaha anafundisha. Akasimama. "Ngojeni niwafundishe kidogo," akasema. Akachukua maandazi matatu kwenye sinia, kisu kiko pembeni. Akaita watoto wanne, na yule msichana akasimama mwisho, pale pale aliposimama siku yake ya kwanza.

"Maandazi matatu," akasema, na sauti ilikuwa ile ya Jumamosi, kabisa. "Watu wanne."

Akampa wa kwanza andazi zima. Wa pili andazi zima. Wa tatu andazi zima. Akafika kwa wa nne, akaweka mkono wake mtupu juu ya mkono wa yule mtoto, akauondoa.

Yule mtoto akafunga kiganja. "Ahsante, mwalimu," akasema, na akapiga goti.

Hakuna aliyetafuna. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia viatu vyake. Aliyepewa la tatu akataka kuvunja andazi lake ampe mwenzake, msichana akamkata jicho, akaacha.

Mwanangu akaona hakuna anayepiga makofi. Akaangalia mikono, mmoja, wa pili, wa tatu. "Fungua mkono," akamwambia.

Akafungua.

"Baki," mwanangu akasema. "Kuna mtoto wa baki." Akatuangalia mmoja mmoja, akakiangalia kisu, akakishika, akakirudisha. "Kuna kitu huwa nafanya. Mama, huwa nafanyaje?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Watoto wote walikuwa nalo. Lakini kumjibu mbele ya mkuu wake, na ile blauzi aliyoinyoosha kwa mkono mmoja, ulimi ulikataa. Mimi! Mimi ninayeongea mpaka usingizini.

Ni yule mke mwenzangu aliyesema. "Mwalimu, ulituambia hilo ni somo la Jumamosi."

"Nilisema?"

"Ndiyo, mwalimu. Ulisema leo tuje tu kukusalimia."

"Eeh," akasema, na mabega yakashuka. "Eeh, Jumamosi." Akakaa, akachukua kikombe chake.

Nilimsindikiza mwalimu mkuu mpaka barabarani. Akasema, "Nisamehe, mama." Nikamwambia chukua basi maandazi ukawape watoto nyumbani, mengi sana yamebaki. Tulipolisikia lile neno wote wawili tukageuza nyuso.

Darasa la sita lina mwalimu mwingine sasa, kijana, nasikia si mbaya. Watoto wanakuja bado Jumamosi. Mke mwenzangu ndiye anaegemeza ubao, wenzake wanamwuliza, anawaeleza habari za ukoo, nani bibi, nani binti. Mwanangu anakaa kwenye mkeka pamoja nao, miguu ameinyoosha, anasikiliza kama hadithi ya kwao ambako hajawahi kufika. Wakigawana andazi, na yeye anapata kipande chake, sawa na wote. Yule msichana hasahau. Mchawi wakimtaja, mwanangu anacheka kuliko wote, anasema, "Huyo sifuri ni mbaya!"

Na ile saa bado iko ukutani. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, nasema siyo mbili, ni nane, ruka sita, ruka mwanangu. Nimeacha. Mkono mfupi ukifika kwenye mbili, kila siku ya shule, anainuka. Saa mbili masomo yanaanza. Ananawa uso, anavaa begi lake bega la kushoto, anatoka kusimama getini, na jua la mchana linamwakia kichwani.

Hapo ndipo watoto wanapita wanarudi makwao, vumbi mpaka magotini, soksi zimeshuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," anawaambia. "Mmechelewa."

Na wao wanasimama, wote, hata wale wadogo ambao hajawahi kuwafundisha, na mabegi yao mgongoni.

"Tusamehe, mwalimu," wanasema.

"Haya, piteni. Kesho muwahi."

Wanapita.